Kikundi kipya cha ngoma za asili: kutoka zoezi la kwanza hadi onyesho la kwanza

Maswali ni yale yale kila mara. Tumekusanyika vijana kumi mtaani, tunataka kuanzisha kikundi cha ngoma, tuanzie wapi? Sare tushone za rangi gani? Tumealikwa kwenye mahafali wiki mbili zijazo, tunaweza kujifunza sindimba mpaka siku hiyo? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao unaweza kuufuata ukiwa na wenzako uwanjani.

Swali la mwisho nalijibu kabisa: hapana. Jipeni miezi mitatu, mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, halafu mtoke na ngoma moja na hadithi moja. Kikundi chenye ngoma moja iliyoiva huitwa tena. Chenye ngoma saba mbichi hupigiwa makofi ya adabu, na habari yake inaishia hapo.

Mifano yangu na taratibu za ofisi ni za Tanzania. Mkiwa nchi nyingine mazoezi hayabadiliki, ofisi tu ndizo zitakazotofautiana.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Watu kumi hadi kumi na wanne. Watatu wa kupiga ngoma, mwimbishaji mmoja, msimulizi mmoja, waliobaki wacheze na kuitikia. Mkiwa wanane mnaweza kuanza, ila msimulizi itabidi naye acheze.
- Mtu mmoja anayeijua ngoma hiyo kwa kuicheza kwao, aliyekulia ndani yake. Aliyeiona kwenye simu hatoshi.
- Ngoma tatu za kupiga: kubwa ya kuvumisha (vumi), ya kati, na chapuo, ndogo yenye sauti kali. Msipokuwa nazo, azimeni. Wiki tatu za mwanzo mnaweza kwenda na madumu ya plastiki na makofi.
- Uwanja wa udongo. Sakafu ya saruji inaumiza visigino na magoti, hasa kwa ngoma za kukanyaga kwa nguvu. Fagieni na mkague vigae vya chupa kabla ya kila zoezi, maana mtacheza pekupeku.
- Simu ya kurekodia na daftari moja la kikundi.
- Usajili. Vikundi vya sanaa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Zanzibar ni BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Anzeni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu, atawaelekeza fomu na ada za sasa. Bado hamjawa tayari kupanda jukwaani, lakini nendeni mapema, kwa sababu karatasi huchukua muda na waandaaji wengi wa sherehe za serikali watawauliza.

Sare haimo kwenye orodha hii, na ni makusudi. Itakuja hatua ya saba.

Hatua ya 1: Chagueni ngoma mliyo na mtu wake

Msianze kwa kuuliza ngoma gani inapendwa. Ulizeni ni nani kati yetu, au kati ya wazazi na majirani zetu, aliyekulia ndani ya ngoma fulani. Kama jirani ni mama wa Kigogo aliyepiga muheme tangu usichana wake, ameizuia ngoma katikati ya mapaja na mikono inakwenda yenyewe, basi ngoma yenu ya kwanza ni muheme. Msiende kuhangaika na kitu cha mbali.

Angalieni pia ngoma hiyo inataka nini. Bugobogobo ya Wasukuma imetoka shambani, inachezwa na majembe, kwa hiyo mnahitaji majembe, nafasi, na watu wenye adabu ya chombo. Mganda wa upande wa Ruvuma na Ziwa Nyasa huenda kwa mistari kama paredi, na mtu mmoja akikosea kila mtu anamwona. Mdundiko wa Wazaramo ni ngoma ya kutembea, inapita mitaani na watu wanaifuata. Ukiibana kwenye jukwaa la mita nne utaiua, labda muitumie kuingilia uwanjani.

Mwalimu Nyerere, alipotangaza Wizara ya Utamaduni mwezi Desemba 1962, alizitaja kwa majina ngoma kama Gombe Sugu, Kiduo na Lele Mama, akiuliza ni wangapi kati yetu wanaweza kuzicheza. Ulizeni swali hilo hilo mtaani kwenu leo. Mkimpata mzee mmoja anayeijua ngoma ambayo vikundi vingine havina, mmeokota dhahabu.

Hatua ya 2: Nendeni kwa wenyewe

Nendeni watatu au wanne, mkiwa na adabu na kitu kidogo mkononi. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, ndipo shida yenu. Muelezeni mzee kwamba mnataka kujifunza, na kwamba mtaicheza hadharani. Usilifiche hilo la hadharani, kwa sababu jibu lake linategemea hapo.

Muulizeni mambo manne na muandike majibu: ngoma hii ilichezwa wakati gani, nani aliruhusiwa kuicheza, nyimbo zake zina maana gani neno kwa neno, na nini hakitoki nje. Hili la mwisho ndilo wengi hulisahau. Ngoma kadhaa tunazoziona jukwaani zina mizizi kwenye jando na unyago, sindimba ya Wamakonde ikiwamo, na ndani ya mafunzo yale kuna nyimbo ambazo si za kila sikio. Mzee akisema wimbo huu hauimbwi mbele ya watu, umekwisha. Msiurekodi wala msiutafute kwa mtu mwingine.

Ombeni ruhusa kabla ya kurekodi. Rekodini wimbo mzima mara mbili: mara moja mzee akiimba peke yake, mara ya pili mkimwitikia. Kisha rekodini akitamka maneno taratibu bila kuimba.

*Angalizo:* mwalimu wenu ni mwanakikundi. Siku ya malipo ana fungu lake, na siku ya onyesho jina lake linatajwa.

Hatua ya 3: Imbeni mkiwa mmekaa

Hapa ndipo ninapogombana na vikundi vipya. Kila mtu anataka kusimama akatikise. Wiki mbili za kwanza kaeni chini, mduara mmoja, muimbe tu.

Sababu ni kwamba ngoma zetu nyingi husimama juu ya kuitikia. Mwimbishaji anatupa, kundi linadaka. Mtazamaji anaweza kusamehe mguu uliokosea. Kiitikio kilegevu hakisamehe, kwa sababu kinamwambia hata hawa wenyewe hawaupendi wimbo wao. Kiitikio kikikaza, watu waliosimama nyuma kabisa wanaanza kuitikia bila kuombwa, na kuanzia hapo onyesho linajibeba.

Fanyeni hivi:

1. Semeni maneno ya wimbo kwa pamoja, bila sauti ya kuimba, mpaka kila mtu ayatamke kama mwenyeji. Lugha ikiwa si yenu, mwalimu awasahihishe mmoja mmoja. Silabi moja ikipotoka inaweza kugeuza sifa kuwa tusi.
2. Mwimbishaji aimbe mstari wake, wengine waingie. Sikilizeni pale sauti mbili zinapokutana. Waitikiaji wanaosubiri mwimbishaji amalize kabisa huacha pengo, na pengo hilo linakata mwendo. Kiitikio kinatakiwa kipande juu ya mkia wa sauti yake, yeye akiwa bado anavuta silabi ya mwisho.
3. Waitikiaji wavute pumzi wakati mwimbishaji anaimba, kupitia pua, tumboni. Anayevuta pumzi kwenye zamu yake mwenyewe ataingia amechelewa kila mara.
4. Mmoja aondoke hatua hamsini, asikilize. Anasikia maneno au anasikia mvumo tu? Kama ni mvumo, fungueni midomo.

Mwimbishaji asichaguliwe kwa uzuri wa sauti peke yake. Chagueni mwenye sauti inayofika mbali na kichwa kinachokumbuka, anayeweza kuongeza mstari papo hapo akamtaja bibi harusi au mwenyeji wa shughuli. Manju wa Kisukuma, yule mtunzi na kiongozi wa ngoma, alijulikana kwa hilo. Na awe na msaidizi, kwa sababu koo hukauka.

Hatua ya 4: Ngoma, kwanza mdomoni

Kila mpigo una matamshi yake. Kabla ya kugusa ngozi, mpigaji aimbe mpigo wake kwa mdomo: vumi aseme *ndu, ndu-ndu*, wa kati *ti-ki-ti*, chapuo *ta-ka-ta-ka*, au kwa namna mwalimu wenu anavyoyatamka. Akishindwa kuusema, mikono haitauweza. Halafu wapige wawili wawili kabla ya watatu kwa pamoja.

Mpigaji mkuu ndiye anayewaambia wachezaji wabadili. Kubalianeni alama yake: mpigo mfupi uliokatwa, tofauti na mwingine wote, unaopigwa kabla ya kila mabadiliko. Wachezaji wajifunze kuusikia wakiwa wamefumba macho. Kikundi kisicho na alama hiyo utakiona jukwaani kinatazamana na kunong'onezana "bado, bado".

*Kosa la kawaida:* mwendo kupanda. Mnaanza vizuri, watu wanashangilia, damu inachemka, na baada ya dakika tatu mnakimbia. Rekodini mwanzo na mwisho wa zoezi mlinganishe. Aliyeshika vumi ndiye breki, na mumpe mtu mtulivu.

Kuhusu ngozi. Ngoma zilizowambwa kwa vigingi hulegea asubuhi, usiku wenye umande, na masika. Huwezi kuzikaza kwa mkono, zinataka moto. Washeni moto mdogo wa nyasi kavu au maboksi kando ya uwanja, mbali na nguo na upande ambao moshi hauendi kwa watu. Mpigaji aishike ngoma ubavuni, ngozi ielekee moto kwa umbali wa mkono mmoja, akiizungusha polepole ipate joto sawasawa. Kila baada ya muda mfupi aigonge kwa vidole, katikati na ukingoni. Mwanzo itatoa sauti nzito iliyozama. Ikianza kukaza, sauti inapanda na kukauka, na ukingoni inalia wazi. Kisha aweke kiganja juu ya ngozi: joto liwe la kuvumilika. Kiganja kikikataa kukaa, moto umezidi, na ngozi iliyozidiwa hupasuka katikati ya wimbo.

Wapigaji wengine hubandika nta katikati ya ngozi kuteremsha sauti ya ngoma iliyopanda mno. Inafanya kazi. Ibandueni baada ya kucheza isije ikashika mchanga. Na kamwe msilaze ngoma kifudifudi kwenye ardhi yenye unyevu, wala kuifanya kiti.

Hatua ya 5: Miguu, kisha kiuno, kisha mikono, kisha sauti

Mfuate mpangilio huo. Siku ya kwanza miguu tu, mikono nyuma. Mkanyago ukishakaa ongezeni kiuno na mabega, halafu mikono. Mwisho rudisheni wimbo. Hapo ndipo mtakapogundua nusu ya kikundi inanyamaza inapocheza. Punguzeni nguvu ya mwili mpaka sauti irudi, kisha pandisheni taratibu, wiki hadi wiki. Bora mruko mfupi wenye sauti kuliko mruko mrefu wa bubu.

Magoti yawe yamelegea muda wote. Anayecheza na magoti yaliyonyooka anapigwa na ardhi, na kesho yake hatakuja mazoezini. Wanaovaa njuga wafunge kitambaa chini yake, chuma juu ya ngozi tupu kinachubua ndani ya dakika kumi.

Hatua ya 6: Pangeni uwanja

Nyumbani ngoma ina duara na watu wamesimama pande zote. Kwenye shughuli za siku hizi wageni wako upande mmoja, wamekaa kwenye viti chini ya hema. Mkicheza duara kamili, nusu ya wageni wataona migongo. Fungueni duara liwe nusu, mdomo wake uelekee wageni, wapiga ngoma waketi upande mmoja wa mdomo huo. Msiwaweke nyuma kabisa. Mpigaji mkuu na mchezaji kiongozi lazima waonane macho.

Ila msiwafanye wageni waonekane kama mizigo iliyopangwa. Wekeni mahali pamoja kwenye onyesho ambapo wachezaji wawili wanatoka na kumvuta mtu mmoja mmoja kucheza. Kwa Wasukuma, mashindano ya makundi ya Bagika na Bagalu hayangoji karatasi za majaji. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, na kundi lililovuta umati kwake ndilo limeshinda. Wanaotaka kuona ngoma na vifaa vya Kisukuma kwa karibu wapite Makumbusho ya Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Na wanaotaka kuona vikundi vingi kwa siku chache waende Bagamoyo wakati wa tamasha la kila mwaka la TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), chuo kilichoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo na ambako marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki mashuhuri wa Kigogo, alifundisha. Siku tatu za kutazama pale zitawafundisha kupanga uwanja kuliko maneno yangu.

Hatua ya 7: Mavazi

Muulizeni mwalimu watu walivaa nini. Mara nyingi jibu ni rahisi: kaniki, shuka, khanga, kitenge kilichofungwa kifuani au kiunoni. Kwa mganda ni nguo nyeupe nadhifu. Msibuni "uasili" wa kuchora madoa ya chui kwenye kitambaa na kujipaka chokaa mwili mzima kama mwalimu hajasema hivyo. Wenye ngoma yao wakiwa kwenye hadhira watajua mara moja, na wataona mnawacheza shere.

*Onyo:* ngozi, manyoya, meno na mikia ya wanyamapori vina sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kukutwa na nyara za serikali bila kibali ni kosa zito, na "tulirithi kwa babu" haitawaokoa. Hata ngoma iliyowambwa kwa ngozi ya kenge ina maswali. Tumieni mbuzi na ng'ombe. Vikundi vinavyocheza na nyoka pia vinahitaji kibali.

Kisha fanyeni zoezi angalau moja mkiwa mmevaa kamili. Fundo la kitenge ambalo halijajaribiwa hufunguka mbele ya mgeni rasmi.

Hatua ya 8: Hadithi

Vikundi vingi havina msimulizi na vinakosa mengi. Hadithi ya dakika tano au sita inawapumzisha wachezaji, inatuliza uwanja, na inawaleta watoto mbele. Pia ndiyo kitu pekee mnachoweza kukifanya umeme ukikatika na ngoma zikilowa.

Chagueni ngano yenye wimbo ndani yake. Ile ya kisima, kwa mfano, inajulikana karibu kila mahali kwa namna tofauti. Msimulizi asiikariri neno kwa neno. Akumbuke vituo vyake tu: ukame umeingia, wanyama wanachimba kisima, Sungura anagoma kuchimba, usiku anakuja kuiba maji, walinzi wanahadaiwa kwa asali mmoja baada ya mwingine, Kobe anajipaka ulimbo mgongoni na kujificha majini, Sungura anakanyaga, ananasa. Vituo saba. Katikati ya kituo na kituo awe huru, kulingana na nyuso anazoziona.

Halafu atunge kiitikio kifupi kinachorudi kila mlinzi anapohadaiwa. Msimulizi: "Nani kachota maji usiku?" Kikundi: "Si mimi, si mimi!" Kifanye kifupi namna hiyo. Mara ya tatu wataitikia watu wote, na hapo hadithi imekuwa yao.

Kuanza: "Paukwa!" na kusubiri "Pakawa!" Au "Hadithi, hadithi!" na watu wajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Wakiitikia kwa unyonge, usiwakemee kwa "sijawasikia, hamjala?" Maneno hayo yamechakaa na yanawakera watu wazima. Wekeni wanakikundi watatu wakae katikati ya wageni kabla hamjaanza, wao waitikie kwa nguvu na majirani zao watafuata. Ukikaa kimya kidogo ukiwatazama kabla ya kurudia, ndiyo bora zaidi.

Mambo mengine ya msimulizi, kwa haraka. Fisi asiwe na sauti ya Sungura; badilisha koo, na ukikosa badilisha mwendo wa maneno. Usishike karatasi. Usitembeetembee bila sababu. Mnyama akinyemelea, nyemelea. Akinasa, baki umenasa, mguu mmoja hewani, mpaka watoto waanze kucheka. Na ukimaliza usiwahubirie maana yake. Funga kwa desturi: hadithi ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu.

Hatua ya 9: Tengenezeni matoleo mawili

Toleo la dakika kumi na tano lina kuingia kwa wimbo, ngoma, hadithi, ngoma ya kuvuta wageni, na kutoka. Toleo la dakika tano ni kuingia, ngoma, kutoka. Lifanyieni mazoezi kama lile refu, kwa sababu siku ya shughuli mgeni rasmi atachelewa, ratiba itabanwa, na MC atakuja kuwanong'oneza "dakika tano tu, tafadhali". Kikundi kisicho na toleo fupi hukatwa katikati ya wimbo.

Hatua ya 10: Makubaliano na siku yenyewe

Na mwenye shughuli zungumzeni mapema, na yaandikwe hata kama ni ujumbe wa simu: malipo na sehemu ya kulipwa kabla, usafiri wa kwenda *na kurudi*, chakula na maji, mahali pa kubadilishia nguo, muda wa kupanda. Usafiri wa kurudi ndio unaosahaulika, na mtajikuta saa nne usiku barabarani na ngoma vichwani.

Tuzo nalo lizungumzwe ndani ya kikundi kabla ya kuondoka nyumbani. Mcheza kwao hutunzwa, na watu wataleta noti wazibandike kwenye paji la uso la mchezaji mmoja. Je, ni yake au ya kikundi? Ushauri wangu: yote yaingie kapu moja, yahesabiwe mbele ya wote, yagawiwe siku hiyo hiyo, na wapiga ngoma wapate sawa na wachezaji. Hakuna anayekuja kumtunza aliyeshika vumi, na bila yeye hakuna kinachochezeka.

Fikeni saa moja na nusu kabla. Kagueni uwanja, tafuteni mahali pa moto, pasheni ngoma, na muendelee kuzirudishia joto kidogo kidogo mpaka mnaitwa. Kunyweni maji, msile kushiba. Pombe ni baada ya kazi.

Mambo yakienda mrama

*Ngoma imelegea katikati ya onyesho.* Msivute macho ya watu kwake. Mpigaji wa chapuo na makofi waendelee, yenye shida itolewe kimya kimya, au msimulizi aingie mapema wakati ngoma inarudi motoni.

*Ngozi imepasuka.* Mpigo wa vumi uhamie ukingoni mwa ngoma ya kati. Lijaribuni hili mazoezini angalau mara moja, mpige na ngoma mbili tu.

*Spika zinavuma na kupiga kelele.* Ondoeni maikrofoni kwenye ngoma, hazihitaji. Moja ya mwimbishaji, moja ya msimulizi, basi. Ikikatika kabisa, sogeleeni watu hatua kumi.

*Mchezaji kasahau.* Arudi kwenye mkanyago wa msingi, aimbe kwa nguvu na kutabasamu mpaka alama ya kubadili. Asimtazame jirani yake miguuni.

*Watu hawaitikii.* Mara nyingi mmeanza na wimbo mgumu. Hamieni kwenye ule mfupi kuliko yote, muurudie mara nyingi kuliko mlivyopanga. Pia angalieni jua: wageni wanaopigwa na jua usoni hawaitikii chochote, geuzeni upande.

*Mlevi ameingia uwanjani.* Msimsukume. Mchezaji mmoja mwenye busara amfuate, acheze naye mizunguko miwili kwa heshima, amtoe upande wa pili akiwa bado anacheza. Watu watashangilia, na yeye atatoka ameridhika.

*Mwanakikundi haji mazoezini lakini anataka kuja kwenye onyesho.* Kanuni iandikwe daftarini tangu wiki ya kwanza: aliyekosa mazoezi mawili ya mwisho anabeba vifaa siku hiyo, hapandi. Isimamieni hata akiwa mchezaji bora.

*Mzee kwenye hadhira anasema mmeikosea ngoma ya kwao.* Msijitetee. Mshukuruni, muulizeni amezaliwa wapi na ngoma ilichezwaje huko, kwa sababu ngoma moja huwa na namna zaidi ya moja kutoka kijiji hadi kijiji. Chukueni namba yake, mwalikeni kwenye zoezi linalofuata akae karibu na mwalimu wenu, na mtu mmoja awe na simu tayari ya kurekodi.